Ugbad Faili na Mashuka ya Uani

Jina lake ni Ugbad Sugow, lakini mtaa mzima wa Bula Hidaya humwita Ugbad Faili. Kwa Wasomali, kumpa mtu jina la utani si kumvunjia heshima. Mguu mfupi, sauti nzito, pengo la meno, lolote linatosha. Yeye alilipata lake kwa kukaa miaka thelathini na moja katika masjala ya ofisi moja ya serikali mjini Garissa, akipokea barua, akizipa namba, akizitia kwenye majalada na kuzichomoa wakubwa walipozitaka. Wakubwa wenyewe walikuja na kuondoka, wengi wao watu wa bara walioanza kulalamikia joto kabla hata ya kufungua mizigo. Ugbad alibaki. Yeye aliwazoesha chai ya maziwa ya ngamia, nao wakamzoesha Kiswahili cha barua, chenye "rejea" na "nakala kwa" na "wako mtiifu".

Kustaafu hakukumtoa tabia ya kusoma. Husoma gunia la unga kabla ya kulifungua. Husoma karatasi iliyofungiwa sambusa. Sabrin, mke wa nyumba ya pili, ambaye ana mtoto mchanga na ulimi mwepesi, husema habaryar huyu, yaani mama mdogo, akikosa cha kusoma atasoma tairi za lori.

Ndiyo maana yeye ndiye aliyeliona bango. Ilikuwa asubuhi ya Februari, anatoka dukani na pakiti ya pasta na ndimu nne, akapita kwenye kiwanja kitupu cha Abdinasir ili kukwepa jua. Nyuma ya mwarobaini, ubao mweupe ulikuwa umepigiliwa kwenye nguzo mbili, uso wake umeelekea ukuta. Mtu mwingine angedhani ni mbao za ujenzi. Ugbad alijipenyeza kati ya mti na ukuta, akavaa miwani, akasoma.

Mwenye kiwanja alikusudia kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa biashara. Angejenga jengo la ghorofa saba, maduka chini, ofisi katikati, hoteli juu. Mwenye pingamizi aandike katika muda wa siku kumi na nne. Ugbad akaangalia tarehe. Siku kumi zilikuwa zimeshapita.

Abdinasir hakuwa mgeni. Alizaliwa mtaa uleule, na mama yake, Sadiyo, bado anaishi kwenye nyumba yenye geti la buluu. Alikwenda Nairobi akiwa na miaka ishirini, akauza viatu Eastleigh, kisha akauza vitambaa, kisha akaanza kujenga. Kila Ramadhani huleta tende kwenye kila geti, na hakuna aliyewahi kumsema vibaya. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, kwa sababu kumpinga mtu mbaya ni rahisi.

Lakini nyumba za Bula Hidaya ni fupi, zimezungushiwa kuta, na maisha yote yako uani. Uani ndiko wanawake wanakopika, wanakosuka, wanakopakana hina, wanakovua mitandio na kuacha upepo upite shingoni. Joto likizidi, watu hulala huko. Mbingu tu ndizo zinazowaona. Ugbad alisimama nyuma ya mwarobaini akahesabu ghorofa saba kwa kidole, akainua macho hadi pale ambapo wageni wa hoteli wangesimama asubuhi wakipiga miayo, akaona wazi kwamba wangekuwa wanatazama beseni lake.

Akachukua karatasi ya kukusanya sahihi za pingamizi, akaanzia kwa Sabrin, ambaye alitia yake kabla ya kusikiliza mpaka mwisho. Akaenda kwa mzee Hashi, aliyefanya biashara ya ngamia hadi Elwak enzi zake na sasa hufanya biashara ya maoni.

"Mji unakua," Hashi akasema. "Jengo litaleta kazi. Mimi mwenyewe nitaomba duka pale chini."

"Na kitanda chako kiko wapi, Hashi?"

"Si unajua. Nje, chini ya mkwaju."

"Miezi mingapi kwa mwaka?"

Hashi akafikiri. "Minane."

"Basi wageni wa hoteli watakuamsha kwa swala ya alfajiri. Watakuwa wanakuona."

Hashi akaomba kalamu. Alitia sahihi kubwa kuliko ya mtu yeyote.

Kwa Sadiyo ilikuwa vingine. Ugbad alikaa mkekani kwake muda mrefu, wakazungumza magoti, wajukuu na mvua iliyonyesha Balambala ikawaruka wao. Mwishowe Sadiyo akaisogeza karatasi kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayerudisha sahani akiwa ameshashiba.

"Siwezi, Ugbad. Siwezi kuweka kidole changu juu ya karatasi inayompinga mwanangu. Kunywa chai."

Ugbad akanywa chai. Hakumlaumu. Angekuwa ni mwanawe, naye asingetia.

Barua aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, aya zimepewa namba. Katika aya ya tano aliomba ofisa afike eneo lenyewe akaone kwa macho. Siku ya kumi na tatu alivaa buibui jipya, akaenda ofisi ya mipango na nakala mbili.

"Acha tu hapo mezani, mama, nitampatia," msichana wa mapokezi akamwambia.

"Asante, binti yangu. Hiyo ni yenu. Hii ya pili ni yangu, naomba uigongee muhuri, uandike tarehe na saa."

"Muhuri uko kwenye droo, na mwenye ufunguo ameenda kuswali."

"Basi nami nikaswali, nirudi."

Akaswali, akarudi, akakaa kwenye benchi mkoba magotini. Msichana alimtazama mara tatu nne, akatambua kwamba huyu si mtu wa kuchoka, akaenda kumtafuta mwenye ufunguo. Muhuri ulipogongwa, Ugbad alipuliza wino ukauke. Alijisikia kama yuko kazini.

Habari zikamfikia Abdinasir, akaja Garissa mwenyewe. Alibisha hodi kwa Ugbad alasiri moja, akavua viatu, akaketi kwa adabu.

"Eedo, ungeniambia tu," akasema. Eedo ni shangazi, na ndivyo alivyomwita tangu utotoni.

"Ungeanza wewe kuniambia. Umeweka bango likatazama ukuta."

"Ni mshauri niliyemwajiri Nairobi. Yeye ndiye aliyelipigilia."

"Mwambie kuta hazijui kusoma."

Abdinasir akacheka, kisha akawa makini. Alisema Wajir wanajenga, Mandera wanajenga, na vijana wa Garissa wanatafuta kazi wakiwa wamekaa juu ya ardhi yenye thamani. Alisema hana nia mbaya na mtu. Ugbad alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mengi aliyosema yalikuwa kweli, na hilo lilimsumbua kidogo.

"Jenga," akamwambia. "Nani amekukataza? Mimi nataka kuosha nywele zangu kwa amani, basi."

Wiki iliyofuata simu ikaja. Ofisa angefika Alhamisi saa nne. Ugbad akawaza. Ofisa atasimama kiwanjani, atatazama michoro, atasema ameona, ataondoka. Kutoka chini utaona nini zaidi ya kuta? Ndipo alipokumbuka tangi la maji nyuma ya shule ya msingi. Limekaa juu ya mnara wa chuma wenye ngazi na jukwaa la kusimamia, urefu wake unakaribia ghorofa nne. Lakini hakutaka mwanamke yeyote aonekane uani kwake kwa ajili ya ushahidi. Siku nzima aliizungusha shida hiyo kichwani, na jioni akatoka kwenda kwa Sabrin kuulizia mashuka ya zamani.

Alhamisi ofisa alifika kwa wakati. Aliitwa Koricha, Mborana wa upande wa Wajir, mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Abdinasir alikuwapo pamoja na mshauri wake, ambaye shati lilikwisha kumganda mgongoni. Wanawake wote wa safu ile walikuwa ndani, milango imefungwa, kama walivyokubaliana. Nje walikuwa Ugbad na Hashi tu.

"Bwana ofisa, kabla hatujaenda mbali," mshauri akasema, "pingamizi hili lilichelewa. Siku kumi na nne zilikwisha. Hatuna haja ya kupoteza muda wako."

Ugbad akafungua mkoba. Nakala ilikuwa ndani ya jalada la kaki, jalada ndani ya mfuko wa nailoni. Koricha aliipokea kwa mikono miwili, akasoma muhuri, akasoma saa iliyoandikwa chini yake, tisa na dakika arobaini, siku ya kumi na tatu.

"Haikuchelewa," akasema. "Mama, aya ya tano umeniomba nione. Nionyeshe."

Hashi akamkamata mkono. Kiswahili chake alikiokota sokoni, na hakijamwangusha bado. "Bwana ofisa, mimi iko na kitanda nje. Hii nyumba iko refu sana, macho yake itakuwa ndani ya blanketi yangu."

"Nimekuelewa, mzee."

"Banda juu ya tangi, utaona," Hashi akasema, akimaanisha panda.

Wakaenda wote hadi kwenye mnara nyuma ya shule, Koricha akapanda. Abdinasir, ambaye hakutaka ofisa aone peke yake, akamfuata. Mshauri alitazama ngazi akasema yeye ataangalia michoro. Ugbad alibaki chini, kichwa amekirudisha nyuma, mkono juu ya miwani.

Wawili hao wakafika jukwaani. Kisha sauti ya Koricha ikashuka, inasoma kama mwanafunzi.

"Hapa naosha nywele." Hilo lilikuwa shuka la Ugbad mwenyewe, limetandazwa uani, mawe manne pembeni, maandishi ya rangi nyeusi yenye urefu wa mkono. "Hapa nanyonyesha." La Sabrin. "Hapa tunamwogesha bibi." La nyumba ya tatu. "Hapa nalala mimi Hashi."

"Hiyo yangu," Hashi akamwambia mshauri, ambaye alikuwa haoni chochote.

Koricha akaacha kusoma kwa sauti. Kisha akauliza, "Lile la mwisho, kwenye geti la buluu, silielewi. Ni Kisomali. Linasemaje?"

Ugbad akashtuka. Kwa Sadiyo hawakupeleka shuka. Hakuna aliyemwomba.

Abdinasir akaegemea chuma, akalisoma. "Ni kwa mama yangu," akasema. "Linasema, Abdinasir, shuka, utaanguka."

Koricha alicheka mpaka akashika chuma kwa mikono yote miwili. Abdinasir naye akacheka, lakini chake kilikatika mapema. Alibaki pale juu baada ya ofisa kuanza kushuka, anatazama ua wa mama yake, kamba ya nguo, birika la udhu, ile pembe yenye jiwe bapa ambapo mama yake huogea. Aliposhuka hakumsemesha mshauri wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye geti la buluu, na halikufunguka tena mpaka baada ya adhuhuri.

Baadaye Sabrin alikiri kwamba yeye ndiye aliyeliandika. Sadiyo alimwita asubuhi ile, akamkabidhi shuka la kitanda chake na kumwambia asiandike neno la kumpinga mtu, aandike tu lile ambalo mama yeyote angesema akimwona mwanawe juu ya ngazi.

Uamuzi ulifika baada ya miezi miwili, na Ugbad aliusoma mara tatu akiwa amesimama. Ardhi ile imekubaliwa kuwa ya biashara. Jengo lisizidi ghorofa nne. Upande unaotazama nyua kusiwe na roshani, na madirisha yawe membamba, juu ya kimo cha mtu. Paa lizungushiwe ukuta. Magari ya mizigo yapitie barabara ya nyuma.

Majirani walishangilia na Hashi akanunua soda. Ugbad alikunywa yake, lakini alikuwa amesoma mstari wa kwanza vizuri kuliko wao. Kiwanja kimoja kikishageuka, cha pili hufuata. Haukupita mwaka kabla ya madalali kuanza kubisha mageti, wakiuliza nani anauza. Nyumba ya tatu, yule bibi alipofariki, iliuzwa. Ugbad huwakaribisha madalali chai, huwauliza majina yao kamili, huyaandika, na wengi hawarudi.

Ujenzi ulichukua mwaka na nusu. Aliandika barua kuhusu vumbi la saruji, akajibiwa. Aliandika kuhusu jenereta, na Abdinasir mwenyewe akaja kuihamisha, akiwa na tende mkononi ijapokuwa haukuwa Ramadhani. Duka la dawa likafunguliwa pale chini, na Sabrin sasa hununua dawa ya kikohozi akiwa amevaa malapa.

Jengo limesimama upande wa magharibi. Mwezi wa Machi, joto lilipofika pale ambapo hata mbuzi hugoma kutembea, ikaonekana kwamba kuanzia saa tisa kivuli chake hufunika ua wa Ugbad wote, ukuta hadi ukuta. Kwa wiki nzima alijifanya hakioni. Alikaa palepale pa zamani, kwenye utepe wa kivuli cha mlango wake, jasho likimtiririka, huku ua mzima ukiwa umepoa mbele yake. Siku ya nane akaburuta mkeka hadi katikati, akaketi, akanyoosha miguu, akavua mtandio.

Sabrin alimkuta hivyo, amekuja na sinia la mchele wa kuchagua. Akatazama mkeka, akatazama jengo.

"Habaryar, kivuli cha Abdinasir kimekufaa?"

"Kivuli sikukipinga," Ugbad akasema. "Isome barua."

Akasogea kumpisha, wakaweka sinia kati yao, wakaanza kutoa mawe.