Bawa la Kushoto

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alifanya kazi ya injini za ndege Dar es Salaam mpaka akastaafu. Aliporudi Bagamoyo alipanga ghala kuukuu la chumvi, kaskazini ya mji, akaanza kuunda ndege ya kale ya mbao, nyaya na kitambaa, mfano wa zile za mwanzo kabisa kupaa na mtu. Hakuitaka iwe ya kutazamwa. Aliitaka iruke, naye akiwa ndani.

Mimi ni mshonaji. Nimesomesha madrasa hapa mtaa wa Dunda tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na mtaani kwetu mimi ndiye nishonaye sanda. Aliponiomba nishone mabawa, mke wangu alinitazama bila kupepesa.

"Ndugu yangu wa kiume ni huyu mmoja tu," alisema. "Usinipotezee."

Kitambaa kilitandazwa juu ya mbavu za mbao, kikapakwa dawa ya kukikaza. Kazi yangu ilikuwa kupitisha sindano ndefu na kukifunga kwenye kila ubavu.

"Kila mshono fundo," shemeji alisisitiza. "Na usinipime kwa macho namna hiyo. Mimi bado si mteja wako."

"Utakuja tu," nikamjibu. "Hamna anayenikwepa."

Bawa la kulia nililimaliza kwa siku tatu. La kushoto nililianza siku tuliyomzika jirani yetu wa msikitini. Nilikuwa nimemkosha, nimemshonea, nimemsindikiza mpaka kaburini, kisha nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi ghalani. Siku ile mikono ilikwenda yenyewe. Hadi Alasiri bawa zima lilikuwa limekwisha, nami nikamshukuru Mungu kwa wepesi ule.

Kesho yake nikalisikia. Milango ilikuwa imefungwa, upepo haukuwapo, na bawa la kushoto lilikuwa likipumua. Kitambaa kilipanda kidogo, kikashuka, kwa sauti ya mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi. Palinuka kafuri, ile wanayopakwa maiti. Bawa la kulia lilikuwa kimya kama ubao.

"Unasikia?" nikamuuliza shemeji.

"Nasikia njaa."

Walinzi wa mashamba ya chumvi walikwisha kuniambia kwamba ghala lile lina wenyewe, wasioonekana. Niliamini. Siku tatu, baada ya sala ya Alfajiri, nilikaa kando ya bawa nikisoma Ayatul Kursiyyu. Nikisoma, linapumua. Nikinyamaza, linapumua. Nimeingia makaburini mara nyingi kulaza watu, na sijapata kuogopa vile.

Siku ya nne ndege ilisukumwa nje, kwenye uwanda mweupe wa chumvi. Jua lilikuwa ndio kwanza linachomoza. Shemeji alikaa kitini amevaa helmeti ya pikipiki. Alisema ataikimbiza chini kwanza, na kama itakubali ataipandisha kidogo, kimo cha mnazi.

"Nipe dua, shemeji," akaniambia, "si huo uso wa matanga."

Nikaweka kiganja juu ya bawa la kushoto. Chini ya kidole palikuwa na ncha ya uzi. Nikauvuta bila kufikiri, ukaja. Haukukwama popote. Ulitoka ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, laini, kama uzi uliowekwa ili utoke, na nyuma yake kitambaa kikainuka.

Hapo nikautambua mkono wangu. Sanda hatuipigi fundo. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi: mishono iwe mirefu na milegevu, ili maiti afunguliwe kwa wepesi kaburini. Bawa zima nilikuwa nimelishona hivyo.

"Shuka," nikasema.

"Kuna nini tena?"

"Shuka, shemeji. Nimekushonea sanda."

Alicheka, akidhani ni utani wetu ule ule. Kisha akauona uzi unavyoning'inia mkononi mwangu. Akavua helmeti polepole. Mke wangu, aliyekuja kushuhudia, alisogea, akaupokea uzi, akautazama, akaanza kuukunja. Ningependa zaidi kama angenigombeza.

Siku tatu nilimwomba Mwenyezi Mungu alinyamazishe bawa lile. Namshukuru kwa kuwa hakunikubalia.

Tulifumua, tukaanza upya. Mimi nilifunga, mke wangu akakaa chini ya bawa, akivuta kila fundo kwa vidole vyake kabla ya kuniruhusu kwenda kwenye jingine. Baada ya wiki mbili shemeji aliruka. Alipita juu ya vichwa vyetu hadi ukingo wa mikoko, akatua kwa kurukaruka, akashuka akicheka. Dada yake alimshika uso kwa mikono miwili. Bawa halikusema neno.

Kuhusu kafuri, huenda ilikuwa mikononi mwangu tangu mazikoni. Lakini mimi hutawadha mara tano kwa siku.

Uzi ule mke wangu hakuutupa. Niliukuta umekunjwa vizuri ndani ya kikasha changu cha sanda. Sijamuuliza anamwekea nani.