Mama Akaiti na Mlango Ulioshonwa Katikati

Alizaliwa Akaiti Tungane mwaka 1931 kisiwani Mauke, katika Visiwa vya Cook, mtoto wa mkulima wa machungwa na mama aliyefariki kabla hajamwachisha ziwa. Alilelewa na nyanya yake, Mama Upokoina, aliyemfundisha mambo mawili kabla ya kusoma: Salamu Maria, na kushona tivaevae, zile shuka kubwa za nakshi ambazo wanawake wa kwetu huzizunguka pamoja kama watu wanavyozunguka sinia. Nyanya hakuwa na mchezo. Kazi ikiisha aliigeuza nguo, akatafuta mshono wa kivivu upande wa nyuma, akaufumua bila kuuliza ni wa nani. "Watu wanaangalia mbele, Mungu anaangalia nyuma," alikuwa akisema. Na katika nyumba ile ilikuwepo sheria moja isiyovunjwa hata na mtoto mtundu: tivaevae iliyoshonwa kwa ajili ya mtu haikanyagwi. Hutandikiwa maharusi wakailalia, hufunikwa maiti wakazikwa nayo, lakini mguu hauigusi.

Mwaka 1956 alivuka bahari kwenda Nyuzilandi kuwa mtumishi wa nyumbani mjini Wellington. Baada ya miaka mitatu aliolewa na Ngametua, kijana wa Mauke aliyefanya kazi ya mbao, wakahamia Tokoroa, mji wa misonobari na moshi wa kiwanda. Hapo akawakusanya wanawake wa visiwani katika ukumbi wa parokia, kila Alhamisi, kwa sindano na porojo. Wakati huo hakuna aliyemdhania kuwa chochote. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko, ambaye Kiingereza kilimkimbia kila alipokutana na mzungu mwenye tai.

Wito wake ulimjia mwaka 1967. Mume wa rafiki yake, Mama Mii, aliangukiwa na gogo akafa. Nyumba ilikuwa ya waajiri, na mashada ya maua hayajanyauka kaburini, mjane akaambiwa ahame na wanawe. Alhamisi hiyo wanawake walikuwa wakimshonea Mama Mii tivaevae ya kumkumbuka mumewe. Akaiti akasimama katikati ya kazi. "Bebeni sindano zenu," akasema. "Leo tunashonea mlangoni kwake." Wakaitandaza nguo toka kizingiti cha mlango hadi getini, wakakaa kuizunguka, wakaendelea kushona huku wakiimba Rozari. Aliyetumwa kuwatoa alifika na vijana wa kubeba vyombo, akaamuru nguo iondolewe.

"Pita tu, baba," Akaiti alimjibu, na Kiingereza siku hiyo hakikumkimbia. "Lakini vua viatu. Na ukishakanyaga, mgeukie huyu mama umwambie umemkanyaga nani."

Yule bwana aliangalia nguo, akamwangalia mjane, akaangalia viatu vyake. Hakupita. Wanawake walikaa pale majuma kadhaa, wakila rukau, yale majani ya magimbi ya kupikwa kwa tui, na mkate uliopikwa na majirani, mvua ikija wanahamia barazani, mpaka Mama Mii akaruhusiwa kubaki. Tangu siku hiyo, mtu akionewa mjini Tokoroa, awe wa Mauke, Msamoa, Mtonga au Mmaori mwenyeji, jambo la kwanza lililosemwa lilikuwa, "Mwiteni Mama Akaiti."

Watakatifu hawaponi majaribu, naye hakupona. Ngametua alihamishiwa zamu mbaya kwa sababu ya mdomo wa mkewe, na nyumbani kwao kukawa na baridi isiyoondolewa na moto. Wengine walimwita mchochezi. Paroko mmoja aliwafungia ukumbi, na Mama Akaiti kwa hasira akamwambia mbele ya watu kwamba Bwana Yesu naye alizaliwa pasipo na ukumbi. Alikwenda kuungama siku ya pili yake, kwa paroko yuleyule, akilia kwelikweli. Ulimi wake ulikuwa msalaba wake, na mara nyingine ulikuwa msalaba wetu pia.

Mwanzoni mwa mwaka 1987, alipokuwa ameanza kuishiwa pumzi, mpwa wake Tereapii, bintiye kaka yake, aliazimia kumheshimu angali hai. Tereapii alikuwa amesomea uchoraji, na shangazi yake ndiye aliyemlea. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasikiliza wanawake, na kila mmoja akashona kipande chake mwenyewe: siku alipotetewa hospitali, siku alipopiga kura mara ya kwanza, siku Mama Akaiti, bado amevaa aproni, alipomtoa mwanawe kituo cha polisi. Katikati Tereapii alimshona shangazi yake, mkubwa, amevaa shada la maua, na wanawake wengine wadogo wadogo pembeni. Kazi ilichukua mwaka mzima, na hakuna aliyetoboa siri, jambo ambalo kwa wanawake wa Alhamisi ni muujiza wa kutosha.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna tivaevae iliyotoka ukumbini bila kukaguliwa nyuma na Mama Akaiti. Basi wakamletea. Aliikagua, akafika katikati, akajiona. Akaomba mkasi. Akajikata toka kwenye nguo, mshono baada ya mshono, mpaka katikati pakabaki tundu.

"Shangazi, unafanya nini?" Tereapii alipiga kelele. "Mwaka mzima!"

"Kwani siku ile nilikaa peke yangu mlangoni? Mama Mii alikuwa wapi? Hawa wote walikuwa wapi, mwanangu, walikuwa wanapepea nzi?"

"Tulitaka kukushukuru!"

"Basi hapo katikati shoneni mlango. Na mimi niwekeni na wenzangu, mgongo nje, kama tulivyokaa."

Tereapii alitoka ukumbini analia. Aliushona mlango kama alivyoagizwa, lakini moyoni alijua amekataliwa, na kwa miezi kadhaa akawa anamsalimia shangazi yake kama anayemsalimia jirani. Kile kipande kilichokatwa hakuulizia kilikokwenda. Alidhani kimetupwa.

Mama Akaiti alifariki Agosti 1988, baada ya kupokea sakramenti. Maneno yake ya mwisho kwa wanawake yalikuwa: "Ile nguo msinizike nayo. Mkiifukia, kesho mtakaa na nini mlangoni?" Hapo ikazuka fedheha. Mwanamke aliyewashonea nusu ya waliolala makaburi ya Tokoroa, azikwe bila tivaevae? Mama Mii alisema heri aibu kuliko kumvunjia neno, wengine wakasema marehemu hajui anachohitaji. Wakiwa katika mabishano hayo, Tereapii alikwenda kutandua kitanda cha marehemu. Chini ya mto alikuta kile kipande kilichokatwa, kimekunjwa vizuri. Akakigeuza. Kwa nyuma, mshono wake mmoja wa kivivu, karibu na shada la maua, ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono uliotetemeka. Alikaa chini akalia, safari hii kwa furaha. Shangazi yake alikuwa amekipenda. Alikipenda kila usiku, ila hakutaka kiwe katikati ya watu. Wakamfunika nacho kifuani, wakamzika nacho, na nguo kubwa ikabaki juu ya ardhi.

Mwaka uliofuata nyumba za wafanyakazi ziliuzwa, na familia ya Sefo, Msamoa aliyepunguzwa kazi, ikapewa amri ya kutoka. Wanawake waliitandaza nguo toka kizingiti hadi getini, wakakaa. Aliyekuja kuwatoa alikuwa Taoro, mjukuu wa Mama Mii, kijana mpana mwenye kazi isiyopendwa. Alifika getini kwa kishindo, kisha akasimama. Mbele ya viatu vyake palikuwa na mlango mwekundu ulioshonwa, na mbele ya mlango mwanamke wa uzi amekaa na watoto watatu.

"Huyu si bibi?" aliuliza.

"Ndiye. Na huyo kijana mkubwa kando yake ni baba yako," Tereapii alimjibu. "Pita tu, mwanangu."

Taoro alivua viatu. Kila mtu aliona. Kisha akavichukua mkononi, akageuka, akarudi kwa waliomtuma akawaambia njia haipitiki. Familia ya Sefo ilibaki hadi ilipopata nyumba nyingine. Wapo wanaosema huo si muujiza, ni aibu tu ya mjukuu. Sawa. Lakini aibu ya namna hiyo nayo hutoka kwa Mungu, tena siku hizi ni adimu kuliko wagonjwa wanaoponywa.

Kanisa halijamtangaza Mama Akaiti, na sisi hatulitangulii. Nguo ipo ukumbini, imeongezwa pindo mara kadhaa, maana hashonwi humo ila aliyekaa mlangoni kwa mwenzake. Wageni hutuuliza yeye ni yupi. Huonyeshwa safu ya migongo, kila mmoja akakisia wake. Basi wewe unayetaka kumheshimu, usihangaike kumtafuta. Nenda ukakae mlangoni kwa anayeonewa, na ukimaliza, kabla hujasifiwa, igeuze kazi yako uangalie nyuma.