Chumba Alichofulia Yaya

Nyumba yetu ya Nyalukemba ina chumba kidogo nyuma ya jiko. Waliotuuzia walikitumia kuwekea makala, yale makaa ya kupikia. Sisi tulikifanya chumba cha kufulia, yaani tulitoa makala tukaingiza mabeseni, basi. Sakafu yake iliinama upande usiofaa: maji yalipomwagika yalikimbilia mlangoni, si kwenye tundu la kutokea nje. Dirisha halikuwepo. Ukifunga mlango, giza mchana. Ukiuacha wazi, mvua inakufuata ndani, na Bukavu mvua haikawii.

Aliyefua humo kwa miaka tisa alikuwa dada yangu mkubwa.

Alitoka Walungu nilipojifungua mtoto wetu wa tatu, aje kunisaidia mwezi mmoja. Mume wake alikuwa ameshaingiza mwanamke mwingine nyumbani, na yeye hakujaliwa mtoto. Mwezi uliisha. Hakuna aliyemwambia aende, wala aliyemwambia abaki. Mimi nilirudi ofisini, mume wangu anafundisha chuo kikuu, nyumba ikabaki mikononi mwa dada. Tulimwita Yaya, kwetu ndiyo dada mkubwa, sote, hata mume wangu. Alilala chumba cha watoto, kwenye godoro ambalo kila asubuhi alilisimamisha nyuma ya kabati ili watoto wapate pa kupita.

Aliomba. Nataka niliseme hili, maana kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba hakuwahi kuomba kitu.

Mara ya kwanza alinifuata nikivaa viatu vya kwenda kazini. “Mudogo wangu,” akasema, “ule masoni anatengeneza ukuta wa jirani, hawezi kuniinulia fasi ya kuweka beseni? Kidogo tu, hapa kwa kiuno. Mugongo inaniuma.”

“Tutaona, Yaya,” nikamjibu.

Mara ya pili aliomba dirisha. Tulikuwa mezani, na mume wangu akasema kwa upole kabisa kwamba mwaka ujao, Mungu akipenda. Mwaka ule tulipaka rangi sebule na kubadilisha viti. Sikumbuki mara ya tatu. Huenda haikuwepo, huenda alikuwa amechoka kusema.

Kazi yake ilionekana. Mashati ya mume wangu yalisifiwa chuoni. Sare za watoto zilikuwa nyeupe hata katika wiki zile ambazo nguo hukataa kukauka na nyumba nzima hunuka unyevu. Siku moja, Jumapili, tulipata wageni, mwalimu mwenzake mume wangu na mke wake. Yule mama alishika kola ya mwanangu, akaigeuzageuza.

“Maman, ni nani anakufulia hivi?”

Nikajibu, na sauti yangu ilikuwa nyepesi, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: “Kuko maman mumoja anatusaidia hapa nyumbani.”

Yaya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Aliweka vikombe mezani kimoja kimoja. Akamsalimu mgeni, akarudi jikoni. Mume wangu alinitazama, kisha akatazama pembeni. Ningeweza kusema pale pale: huyu ni dada yangu, tumbo moja. Ilikuwa sentensi fupi. Lakini Yaya alikuwa na kitenge kilichopauka, miguu mitupu iliyotoka kwenye maji, na yule mama alikuwa na mkoba mzuri. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Wiki mbili baadaye alifunga vitu vyake ndani ya mfuko mmoja. “Minarudia Walungu,” akasema. “Shamba ya maman yetu inalala bure.”

“Yaya, nimekukosea?”

“Shamba inalala bure,” akarudia. Akawaaga watoto, akaenda kupanda gari.

Jumamosi iliyofuata nilifua mwenyewe. Nilifikiri ni kazi ya asubuhi, ikanifikisha alasiri. Maji machafu yalinifuata miguuni kila nilipokamua shuka. Kwenye kona, nyuma ya mlango, nilikuta gunia alilolijaza matambara na kulishona kwa mkono. Sikujua ni la nini mpaka nilipoona mabonde mawili katikati yake. Ya magoti. Mgongo ulipomshinda, alipiga magoti. Nyumba ilikuwa na watu wazima wawili wengine, na hakuna aliyewahi kulijua gunia lile.

Nikamwambia mume wangu kwamba chumba kile kitatengenezwa, na safari hii si mwaka ujao. Tulimwita fundi, mzee wa mtaani ambaye watu wote humwita Papa Masoni. Alibomoa sakafu na kuielekeza maji yanakotakiwa kwenda. Alitoboa ukuta akaweka dirisha pana, ukisimama pale unaliona ziwa chini. Alijenga sinki mbili za simenti na kuzivika karo, vile vigae, nyeupe.

“Ni nani atafua hapa?” aliniuliza akiwa na mita mkononi. “Nijue urefu.”

“Yaya yangu. Ananifikia hapa,” nikamwonyesha bega langu.

Tukaweka rafu ya sabuni, kamba za kuanikia chini ya dari kwa siku za mvua, na mashine ya kufulia kwa shuka na vitu vizito. Kilipokamilika kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nyumbani. Nilikuwa nimejaa furaha ya kijinga. Nilienda Walungu mwenyewe kumchukua, nikimwambia tu kwamba watoto wamemkumbuka.

Alipofika nilimpeleka moja kwa moja nyuma ya jiko na kufungua mlango. Akaingia, akapitisha kiganja juu ya karo, akafungua bomba, akafunga. Akatazama dirishani.

“Imetoka muzuri,” akasema.

“Ni kwa ajili yako, Yaya. Masoni alipimia urefu yako. Urudi.”

Akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Miaka kenda nililala chini na batoto,” akasema. “Umefikiria kunirudisha, ukajengea manguo chumba. Mimi utaniweka wapi? Nyuma ya kabati?”

Naapa kwamba katika wiki zote zile za simenti na karo, wazo la kitanda halikunijia hata mara moja. Nilidhani ninamtengenezea yeye, kumbe nilikuwa ninatengeneza kazi yake.

Alikula nasi mchana, akamsuka binti yangu mdogo, kesho yake akaondoka.

Sasa kuna mama kutoka Mudaka anayekuja Jumanne na Ijumaa. Tunamlipa. Mashine hukaa kimya siku nyingi kwa sababu umeme ni wa kubahatisha. Mama yule hukisifu chumba na kuniambia niko na moyo wa kuhurumia wafanyakazi. Nimeshindwa kumkatalia.

Mwaka huu binti yangu mdogo alipata komunyo ya kwanza, na Yaya alishuka kutoka Walungu. Nilikuwa nimenunua kitanda na kuhamisha meza ya kazi ya mume wangu ili kipate nafasi. Nilimwambia hivyo kwenye uwanja wa parokia, baada ya misa. Alinishukuru. Akasema amefikia kwa mama mmoja wa kwaya yao aliyehamia Kadutu, humu humu mjini, na kwamba mizigo yake imeshalala huko. Alimkumbatia binti yangu kwa muda mrefu, akamnyoosha kola ya gauni, akatuaga wote kwa mkono, mume wangu kwanza, kisha mimi, akateremka barabarani bila kuja nyumbani.