Chupa ya Mugonjwa

Mimi ni Maman Valérie, nauza sambaza, samaki ndogo za ziwa, hapa soko ya Nyawera, na mudomo yangu watu wanaijua. Ukikosea nakuambia, hata kama uko pasta. Njo maana hii habari ya Rosalie inanilemea. Ni kitu moja tu nilificha mu maisha yangu, na sikufaa kuificha.

Rosalie alikuwa jirani yangu wa meza miaka kumi na moja. Alitoka Mwenga na watoto watatu, baada ya bwana yake kufukiwa mu shimo ya dhahabu kule Shabunda. Hapa akaanza kazi ya kadafi. Ni vile tunaita wenye kuuza esansi, petroli, kando ya barabara, juu ya yule mukubwa wa Libya mwenye alikuwa na mafuta mingi. Kadafi wetu yeye alikuwa na bidoni mbili za esansi, mupira ya kufyonzea, na chupa kumi za litre moja juu ya meza ya mbao. Utajiri gani huo! Kila asubuhi alifyonza esansi kwa kinywa ili ishuke mu chupa, anatema, ananawa kinywa, kisha ananiomba ndizi.

"Maman Valérie, leo nimekunywa Arabuni yote," ananiambia.

Wengine walichanganya esansi na mafuta ya taa. Tuliwajua wote. Rosalie, hapana. Motari, dereva wa pikipiki, akimuuliza kama iko safi, Rosalie anamwanga matone ku mukono ya motari: ikikauka bila kubakisha utelezi, unalipa. Ikibakisha, unamutukana. Hakuna mutu alimutukana hata siku moja, na kwa hiyo neno alikuwa na kiburi, mimi nilimuachia kiburi yake.

Sasa, pale ku parking ya moto, ni vile tunaita pikipiki, kuko desturi, sijue nani aliianza. Kadafi anaacha chupa moja yenye haiuzwi, imevikwa kitambaa nyekundu toka shingo mpaka chini. Ni chupa ya mugonjwa. Ukipita na mugonjwa na tanki imekauka, unaichukua. Haulipe, hauombe ruhusa. Lakini utairudisha imejaa mbele ya juma kuisha. Hata siku za risasi, stasioni zote za esansi zimefunga, chupa ya Rosalie haikukosa pale. Wezi wenyewe waliiheshimu.

Kisha redio ikaanza: Amerika na Irani, Irani na Amerika, asubuhi na jioni. Mimi nilicheka. Nikasema wapigane, sisi tuko na vita yetu, inatutosha. Mujinga mimi! Kumbe meli za mafuta zinapita ku mulango ya Irani, na zikiogopa kupita kule, ni huku tunalala njaa. Juma ya kwanza bei ilipanda. Ya pili ikapanda tena. Ya tatu hakuna mutu aliuliza bei, juu esansi yenyewe haikuwako. Motari walisukuma moto zao kwa miguu. Sambaza ikapungua, wavuvi hawakuwa na mafuta ya mashini. Wenye kutupiana makombora kule, nani kati yao anajua sambaza ni nini? Nilikasirika, nikatukana redio mbele ya wateja.

Rosalie aliketi mbele ya chupa kumi tupu na ile moja nyekundu. Watoto wake walikula mara moja kwa siku, kisha siku moja hawakula. Kesho yake papa moja wa biro, mutu mukubwa wa ofisi, akashuka mu jeep. Alitaka litre moja tu ya kumufikisha kwake. Akaiona ile nyekundu. Rosalie akakataa. Papa akatoa pesa ya kula juma nzima, akaiweka juu ya meza. Rosalie alinitazama. Mimi nikageuka, nikajifanya kufukuza nzi ku sambaza.

Asubuhi yenye ilifuata, chupa nyekundu ilikuwa tupu. Rosalie akafungua termosi yake ya chai kavu, ile haina maziwa, rangi karibu na ya esansi, akaijaza mu chupa, juu yake akaongeza matone za esansi zenye zilibaki chini ya bidoni. Akafunga kitambaa vizuri.

"Rosalie, ni nini hii?"

"Ni ya macho tu, maman. Wakiiona tupu watasema nini? Miaka kumi na moja! Bidoni ikifika, chupa hii njo nitajaza ya kwanza."

"Na mugonjwa akipita?"

"Nitasema."

"Utasema kweli?"

"Mungu ananiona. Nitasema."

Niliamini. Alikuwa mutu wa kusema.

Siku ya tatu, mchana, jua kali, Placide akatokea. Ni motari wa parking yetu, kijana muzuri, hana fujo. Alitoka mutaa ya Kasha na muke wake Charlène, mimba ya kwanza, uchungu ulianza tangu asubuhi, anamupeleka ku lopitali. Dada yake Charlène alikaa nyuma, anamushika. Mbele yetu moto ikakohoa. Placide akaruka chini, hakuuliza kitu, desturi ni ile, akanyakua chupa nyekundu.

Rosalie alisimama. Nilimuona kwa macho yangu, alifungua kinywa. Pale pale motari moja akapiga kelele: "Munaona? Hata vita ya Amerika haikumaliza chupa ya Maman Rosalie!" Na wengine wakapiga makofi. Wote, parking nzima, walimupigia Rosalie makofi. Kinywa yake ikafungwa.

Na mimi? Mimi mwenye mudomo? Nilikuwa na sambaza mu mukono, nikaendelea kuipanga. Nilijiambia kama mu tanki kunabaki kidogo, atafika. Harufu ya esansi ilitoka ya kwanza, Placide akamwanga yote bila kuangalia, akapiga moto kwa mguu, injini ikawaka, wakaenda. Rosalie akakaa chini. Hatukuangaliana.

Moto ilizimika mu kupanda kilima, hata mbali hapana. Placide alipiga, alipiga, alilia. Watu wakamubeba Charlène mu mikono mpaka ku lopitali. Mutoto alitoka muzima, binti. Charlène alimaliza damu, akakufa mbele ya jua kutua. Munganga alisema dakika makumi mbili tu njo zilikosekana.

Ku kilio ya Charlène watu walitoa hukumu haraka. Mekanisien alikuta maji mu tanki. Wakasema ni esansi ya siku hizi, wanaiharibu kule mbali mbele ifike kwetu, ni Amerika na Irani wameua mutoto wa watu. Rosalie alilia kupita mama ya marehemu. Watu wakasema, tazama, huyu mama iko na roho.

Siku ya saba, Placide akakuja kwa miguu. Mu mukono alishika chupa nyekundu, kitambaa imefuliwa. Alifika mpaka Kamanyola kutafuta litre moja, siku mbili ya kwenda na kurudi, ili juma isiishe. Akaomba mukono ya Rosalie, akamwanga matone juu yake, vile Rosalie mwenyewe alizoea kufanya. Tukaangalia wote watatu mpaka ikakauka.

"Iko safi, maman," akasema. "Ile ingine walikudanganya wenye walikuuzia, usijisumbue. Na mimi niliogopa bule. Mekanisien anasema reserve, esansi ya akiba, ilikuwako mu tanki, ingenifikisha. Kama singeongeza kitu, ningefika."

Rosalie alipokea chupa kwa mikono mbili.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema.

Nilingojea aongeze neno. Naapa, nilingojea. Kisha nikaona kwamba mimi pia naweza kuongeza, na Placide akanigeukia na macho yake mekundu.

"Maman Valérie, wewe unajua kusema. Kuko wenye wanaanza kunongona juu ya Maman Rosalie. Uwaambie Nyawera yote kwamba yeye hachanganyi esansi."

Nikamujibu: "Nitawaambia."