Hospitali Niliyoiona Juu ya Lori

Jamani, mimi nimewahi kuona hospitali ikipita barabarani juu ya lori.

Sikuwa nimelewa. Ilikuwa asubuhi, jua kali, na kikombe changu cha chai kilikuwa bado mkononi.

Juu ya lori la mchanga kulikuwa na vitanda vya wodi, stendi za dripu na mizani ya kupimia watoto wachanga. Katikati, kimefungwa kamba kama mbuzi wa kupelekwa mnadani, kulikuwa na kitanda cha kujifungulia. Kile kimoja tu tulicho nacho eneo zima.

Pembeni yake alikaa mkunga wetu, sare nyeupe imenyooka, uso umekunjamana.

Jina lake halisi tulishalisahau. Tunamwita Mama Pumua, kwa sababu ndilo neno la kwanza mwanamke analolisikia akifika mikononi mwake. "Pumua, mwanangu. Pumua." Nusu ya mtaa wetu imezaliwa kwa neno hilo, na mimi nimo.

"Mama Pumua, mnahama?" nikampigia kelele.

"Tunakwenda kuigiza!" akajibu, lori likakata kona.

Sasa nikueleze. Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Harusi, msiba, mkutano, ukiniita nakuja na spika zangu na jenereta yangu. Hafla zote za ile hospitali mpya inayojengwa hapa kwetu nimezifungia spika mimi. Jiwe la msingi limewekwa mara tatu, na mtu yuleyule, Mheshimiwa wetu, kila uchaguzi ukinukia.

Jiwe la kwanza lilipowekwa, mdogo wangu wa kike alikuwa anajifunza kusoma. Asubuhi ile ya lori, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mumewe alikuwa mbali kikazi, kwa hiyo alikuja kujifungulia kwetu, kwa mama.

"Kaka, ukimaliza wahi kurudi," aliniambia nikiwa natoka. "Mgongo unaniuma."

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu."

Nami nikaenda zangu. Wanaume bwana, akili tumepewa za kuazima.

Nilipofika kwenye hospitali mpya, rangi ilikuwa bado mbichi. Nikafungua bomba lililo ukutani kando ya mlango mkubwa ili ninawe mikono.

Bomba likang'oka. Likabaki mkononi mwangu.

Nyuma yake hapakuwa na paipu. Ukuta mtupu. Lilikuwa limebandikwa kwa gundi!

Nikamwonyesha msaidizi wa Mheshimiwa, mtu mmoja wa miwani myeusi ambaye mtaani tunamwita Ndiyo Mzee.

"Libandike hapohapo," akasema. "Mheshimiwa hatanawa."

"Na umeme?"

"Kwani jenereta umekuja nayo ya nini?"

Basi nikalibandika, nikavuta waya hadi wodini. Taa zikawaka. Vitanda vilivyotoka hospitali ya zamani vilikuwa vimetandikwa mashuka meupe, na juu yake wamelala wagonjwa. Mmoja nilimfahamu vizuri, fundi viatu wa kona yetu, mzima kama jiwe.

"Unaumwa nini?" nikamnong'oneza.

"Bado hawajaniambia," akasema.

Nilicheka. Halafu nikaangalia kile kitanda cha kujifungulia, Mama Pumua kasimama kando yake kama sanamu ya dukani, kicheko kikakatika. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa tulikuwa tumeazima hospitali nzima.

Mheshimiwa akafika. Shangwe. Ngoma. Utepe mwekundu umefungwa mlango mkubwa, mkasi uko kwenye sinia.

Akaanza kuhutubia. Kuchelewa si kosa lake. Kosa ni la mkandarasi. Mkandarasi naye alicheleweshwa na wizara. Wizara ilicheleweshwa na mvua. Akailaumu mvua vizuri sana, nayo haikuwepo kujitetea.

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu.

Alikuwa anapenya kwenye umati, amemkumbatia mdogo wangu kiunoni. Mdogo wangu jasho linamtiririka, gauni limelowa.

Nikaacha mitambo yangu, nikakimbia.

"Tumekwenda hospitali ya zamani," mama akasema, pumzi zimemkatika. "Mlinzi anasema hospitali iko kwenye uzinduzi. Eti turudi jioni!"

Ndiyo Mzee akatokea. Badala ya kushtuka, akatabasamu.

"Safi sana! Mjamzito wa kweli! Mpitisheni mlango wa nyuma, alale kwenye kile kitanda. Wapiga picha watampenda."

Wallahi nilitamani kumtemea mate.

Lakini Mama Pumua alikuwa ndani, na kitanda kilikuwa ndani. Tukapita nyuma, juu ya ubao mwembamba uliolazwa kwenye shimo la mtaro, tukamlaza.

Mama Pumua akampima.

"Mtoto katanguliza makalio," akasema. "Maji yako wapi?"

Hakuna maji.

"Vifaa vyangu vilivyochemshwa?"

Vilibaki kabatini, hospitali ya zamani. Wao walibeba vile tu vinavyopendeza kwenye picha.

"Kaka," mdogo wangu akanishika mkono, kucha zikazama kwenye ngozi. "Usiniache nife humu."

Humu! Kwenye jumba la maigizo!

"Kule kitanda hakuna, na huyu sakafuni simzalishi," Mama Pumua akasema. "Na bila maji na vifaa, hapa pia simzalishi. Tunarudi kwetu, na kitanda chetu tunarudi nacho. Shika huko mbele. Wewe mgonjwa, amka usaidie!"

Fundi viatu akaruka kitandani, amepona papo hapo.

Mlango wa nyuma usingepitika, ubao ule haungebeba kitanda. Ilibaki njia moja, mlango mkubwa.

Nje, Mheshimiwa alikuwa anafika kileleni. "Na sasa, ndugu wananchi, milango ya hospitali hii inafunguka!"

Tukaisukuma. Ikafunguka.

Mdogo wangu akatokea kitandani, miguu mbele, anapiga ukelele wa kupasua masikio. Utepe ukanasa kwenye vyuma vya kitanda, ukavutika, ukavutika, ukakatika. Mkasi ukabaki kwenye sinia. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Ndiyo Mzee akasimama mbele yetu, mikono kaitanua. "Rudisheni! Hicho kitanda ni cha uzinduzi!"

"Na mjukuu wangu ni wa nini?" mama akamuuliza, wala hakupunguza mwendo. Mtu mzima akaruka pembeni kama kuku.

Tulikisukuma mitaa miwili, magurudumu yanalia kwenye mashimo, Mama Pumua anatembea kando, mkono wake juu ya tumbo. "Pumua, mwanangu. Usisukume bado. Pumua."

Mtoto akazaliwa hospitali ya zamani. Wa kike. Alitoka kimya, rangi yake si nzuri, na mimi nje ya dirisha nikabaki kumwomba Mungu. Halafu nikasikia kofi dogo, na kilio.

Nililia, sioni aibu kusema.

Baada ya wiki chache tukasikia imeundwa kamati ya uchunguzi. Nikasema, afadhali. Sasa watauliza kwa nini jengo halina maji. Watauliza nani aliamuru hospitali inayofanya kazi ipakiwe kwenye lori ili kupamba isiyofanya kazi.

Nikaitwa kama shahidi. Mkandarasi alikuwa amekaa kando ya mwenyekiti, anakunywa juisi kwa mrija. Swali likawa moja tu.

"Nani aliruhusu kitanda kitolewe na kuvuruga hafla?"

"Mimi," Mama Pumua akasema, kabla sijafungua mdomo.

Basi. Miaka yote ile, mawe matatu, gundi ukutani, na mtu pekee aliyewajibishwa alikuwa mkunga.

Unajua walimfanya nini? Hawakumfukuza. Walimhamishia hospitali mpya, eti mkuu wa wodi ya wazazi. Jioni yake Mheshimiwa akawa redioni. "Hospitali imeshapata mkunga bingwa. Kazi imeanza!"

Adhabu yake wakaigeuza kuwa sifa yao.

Kwa hiyo mkunga yuko huku bila kitanda, na kitanda kiko kule bila mkunga. Akitoka saa za kazi anaandikwa mtoro, na kustaafu kwake kumekaribia, mafao yatapotea.

Wanawake hawakusubiri kamati nyingine. Mama yangu akawa wa kwanza kusema, "Uchungu haujui uhamisho." Tukakisukuma kile kitanda kurudi kwa Mama Pumua, na vifaa vyake vyote safari hii. Wanawake wakapangiana zamu ya maji. Kila siku ndoo kichwani, kutoka kisima cha mtaani hadi wodini. Watoto wakaanza kuzaliwa kwenye lile jengo kwa maji ya ndoo.

Na nzi hakosi kidonda. Mheshimiwa akarudi, wapiga picha nyuma yake. Mimi nikaitwa kufunga spika. Nilikwenda. Nilitaka kumwona usoni.

"Mnaona?" akasema, wanawake wakiwa wamepanga foleni na ndoo zao. "Wananchi wameipenda hospitali yao hadi wanaibebea maji wenyewe! Huu ndio uzalendo!"

Akamsogezea mama yangu maiki. Mama alikuwa na ndoo kichwani, mdogo wangu nyuma yake, mtoto mgongoni.

"Mama, sema neno la shukrani."

Mama akaitua ndoo taratibu, mbele ya viatu vya Mheshimiwa vinavyong'aa.

"Ahsante, Mheshimiwa. Maji tunabeba kwa sababu mabomba yako yamebandikwa kwa gundi. Leo zamu ni yako."

Ndiyo Mzee akanigeukia, akapitisha kidole shingoni. Kata sauti!

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Nikapandisha.

"Gundi?" Mheshimiwa akacheka, na spika zangu zikakipeleka kicheko hadi sokoni. "Mama, hayo ni maneno ya wapinzani. Ndugu wananchi, shuhudieni wenyewe!"

Akalifuata bomba lililo kando ya mlango mkubwa. Ndiyo Mzee akamkimbilia, "Mheshimiwa, hilo hapana," lakini mkubwa alishalishika, akalizungusha kwa nguvu.

Likang'oka.

Mheshimiwa alikuwa amesimama na bomba mkono mmoja, maiki mkono wa pili, anautazama ukuta. Sijui hata leo kama alikuwa anajua au naye aliigiziwa. Lakini kamwe hakuwa ameuliza.

Sasa akasahau kuwa ameshika maiki. Akamgeukia Ndiyo Mzee, akauliza kwa sauti iliyosikika mitaa yote:

"Nani alifunga hili bomba?"

Mama akajishika kiuno.

"Heee! Kumbe unaweza kuuliza! Hilo swali tumelingoja tangu huyu," akamwonyesha mdogo wangu, "anajifunza kusoma. Endelea, Mheshimiwa. Uliza na la pili."

Hapo watu wakaanza kuuliza wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Paipu zilikwenda wapi? Nani aliita lori? Kwa nini mkunga aliadhibiwa? Maiki ilizunguka mikononi mwao, na mimi sikugusa kitu.

Sitakudanganya kwamba maji yalitoka kesho yake. Yalitoka baadaye, baada ya kelele nyingi, na mkandarasi wa juisi sasa anajibu maswali mahali ambapo hapana mrija. Mheshimiwa bado anasema kosa ni la mvua. Lakini siku hizi kila akipanda jukwaani hapa kwetu, mtu mmoja huinua bomba juu, na hotuba inakuwa fupi.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona jengo linazinduliwa, usiangalie utepe. Uliza vitanda vimetoka wapi.

Na ukipewa maiki ili ushukuru, uliza.