Kofia Moja, Babu Wawili

Ozella Pettiford hakuwa mtu wa kumumunya maneno. Alishamwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake marefu yanapoza kuku jikoni. Miaka arobaini alichambua majani ya tumbaku kiwandani, na Jumapili alivaa glavu nyeupe akasimama mlangoni mwa kanisa kuwaketisha waumini, na hakuna aliyewahi kumshika na uongo, isipokuwa kwa jambo moja. Ukimuuliza kuhusu babu yake mzaa baba, atakujibu kwamba hamjui.

Alimjua sana. Junius Pettiford alikuwa kwenye postikadi. Mpiga picha mmoja wa kizungu alimkalisha juu ya pipa, suruali ina kiraka, kofia ya majani imechanika ukingo, mdomo wazi, banjo, lile gitaa la ngozi, mapajani na kipande cha tikiti maji miguuni, vitu ambavyo wazungu walipenda kuwachekea weusi. Chini wakaandika: “Hana shida duniani.” Hana shida! Mtu aliyezika watoto watatu na kulima tumbaku ya wenzake mpaka mgongo ukapinda! Kadi hizo ziliuzwa karibu na stesheni, na wasafiri wakacheka mpaka Virginia.

Siku moja mwanafunzi mwenzake, Maebell Snipes, alileta kadi moja shuleni ikapita mkono kwa mkono. “Ozella, babu yako kamaliza tikiti? Mwambie atubakishie mbegu!” Ozella, mtoto wa miaka tisa, akaapa kwamba yule si babu yake, na kiapo kikamganda. Banjo nayo akaichukia. Mpwa wake Charlesetta alipojifunza kuipiga, shangazi alimkataza kuivusha mlango wake.

Basi kanisa likatimiza miaka mia, na Charlesetta akapewa kazi ya kukusanya picha za zamani za ukutani. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu ya waumini waliohamia mbali kurudi nyumbani, wanawake walikuwa ukumbini chini ya kanisa wakimenya viazi vitamu vya pai. Charlesetta akazipanga picha mezani. Ozella akaliona lile pipa, kisu kikasimama.

“Iondoe hiyo.”

“Shangazi, hii ndiyo niitakayo ukutani.”

“Mtundike huyo, na kesho mimi humu sikanyagi. Milangoni asimame mwingine.”

Hakuwa akitishia tu, kila mtu alijua angefanya hivyo. Charlesetta akaanza kuirudisha picha kwenye bahasha.

Maebell, siku hizi Dada Maebell wa kwaya, akaangua kicheko. “Mwacheni mzee wa watu. Kwani bado hajamaliza tikiti?”

Miaka sitini, jamani, na utani haujazeeka! Ila mkono wa Maebell ulikuwa umeokota kadi ya pili mezani, na kicheko kikakatika. Juu ya pipa lilelile alikaa Shemasi Lemuel Snipes, ambaye jina lake limechongwa kwenye benchi la mbele, mdomo wazi na banjo mkononi.

“Huyu... huyu ni babu,” akasema Maebell.

Ozella akavaa miwani, akazilaza kadi pamoja. “Kofia ni moja,” akasema polepole. “Tazama mchaniko. Na kiraka cha goti ni kilekile.”

“Nguo za studio hizo, Shangazi,” Charlesetta akasema. “Mpiga picha alikuwa nazo mwenyewe, kila mweusi aliyeingia akavishwa.”

“Na tikiti?”

“La mbao. Si mnaona limeng'atwa palepale kwenye kadi zote mbili?”

“Miaka sitini mmetukanana kwa tikiti la mbao!” akapiga kelele mpishi mmoja.

Maebell hakucheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. “Babu hakuvaa kiraka maisha yake yote,” akasema, machozi yakimtiririka. “Hata bustanini alifunga tai.” Ozella angeweza kummalizia hapohapo, na Mungu angemsamehe, lakini alimsogezea leso.

“Lakini tazameni mikono,” Charlesetta akasema. “Huyu wa kwetu vidole vimekanyaga nyuzi, kila kimoja mahali pake. Dole gumba la kulia liko tayari kwenye ule uzi mfupi wa pembeni. Hata mimi hushika hivi. Kofia walimpa, Shangazi, lakini mkono ni wake.”

Ozella akainama juu ya picha. Akaukunja mkono wake wa kushoto hewani, vidole vya mwanamke wa tumbaku, akajaribu kuviweka kama vile.

Maebell akapenga kamasi. “Hata wangu anapiga, bwana. Si ameishika?”

“Nani, huyo?” Ozella akaruka. “Maebell, usinichekeshe! Wako kaibeba banjo kama mtoto aliyemkojolea. Anayepiga hapa ni babu yangu!”

Maebell akamtazama, leso bado puani.

“Babu yako nani?”

“Babu yangu Junius! Junius Pettiford!” Akamgeukia Charlesetta. “Mtundike pale mlangoni ninaposimama. Anayetaka kupita kesho, anisalimie mimi, kisha amsalimie yeye.”