Mbegu ya Mama Niliyoipanda Oktoba

Nilipanda Oktoba. Kwa miaka miwili nilisema ni udongo wa Bellevue, mtaa wangu huku kusini kabisa mwa Afrika, nikasema ni mvua ya mawe, nikamsingizia hata paka wa mwenye nyumba. Kosa lilikuwa langu: mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu, niliyefuata maelekezo ya mtandaoni yaliyoandikwa Ulaya, huku nikiishi kusini mwa ikweta na kulipwa mshahara kuwaeleza wanafunzi kwamba huku majira ni kinyume.

Mbegu ilikuwa ya mama, vichwa sita vya vitunguu saumu kutoka shamba letu la Lushoto. Yeye aliipokea kwa mama yake. Akinifungia kwenye kipande cha kanga alisema, "Ukiona asubuhi unatafuta sweta, panda." Niliyachukulia kuwa maneno ya mtu asiye na kompyuta.

Jirani yangu wa chumba cha nyuma, msusi Mkongo, alinikuta nimeinama uani.

"Eish, mama prof! Joto iko nakuja, na wewe unapanda saumu? Ile inataka baridi. Ngoja mwezi wa ine."

"Nimesoma, dada."

"Umesoma, ni kweli," akasema, akicheka hadi akashika ukuta.

Majani yalichipua vizuri, nikampigia mama kujisifu. Januari yakakauka. Nilichofukua ni vidude vya mviringo kama gololi, visivyogawanyika punje. Jirani akanishauri nivitunze, nivirudishe ardhini Aprili, baridi ingevipa punje. Safari hii hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Nikavikaanga vyote na mayai. Ushahidi niliumaliza kwa mkate.

Mama alipouliza, nilijibu, "Vinaendelea." Aliuliza tena mwaka uliofuata, nikajibu vilevile.

Kisha akapiga simu Jumapili moja ya Mei, nimevaa sweta.

"Vyangu vimeoza vyote shambani, mwanangu. Ugonjwa. Hata vya akiba. Majirani wananipa pole, nawaambia mbegu yetu ipo kwa binti yangu. Ukija, niletee vichwa viwili tu."

"Mama, nilipanda Oktoba."

Nilisikia kuku wake.

"Kulikuwa na baridi?"

"Hapana."

"Hata kimoja hakikubaki?"

"Nilivila, mama."

Akavuta pumzi. "Haya," akasema. "Angalau vilikuwa vitamu?"

Nikamwambia sikumbuki.